Aliyekwaruza Gari la Mwenzake Ana Deni, Alipe

Gari likiamka na mkwaruzo mrefu kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, mwenyewe husikia ushauri wa aina mbili kabla hajamaliza hata kulizunguka. Wapo watakaomwambia amwachie Mungu. Na wapo watakaomwambia, "Huyo mtie ndani Ijumaa jioni, alale seli hadi Jumatatu, ndipo atakujua wewe ni nani." Ushauri wa kwanza unamwacha na hasara yake. Wa pili unamwacha na hasara ileile, na juu yake uhasama na jirani pamoja na pesa za "chai" alizotoa kituoni. Swali ambalo lingepaswa kutangulia haliulizwi na yeyote: fundi atalipwa na nani?

Nalishikilia swali hilo kwa sababu uharibifu ninaouzungumzia si wa wezi. Mwizi anataka kioo cha pembeni akakiuze. Huyu wangu hataki kitu. Ni mpangaji wa ghorofa ya tatu aliyekuta nafasi yake imechukuliwa, akashuka usiku na msumari. Ni mwenye duka aliyechoshwa na magari yanayoziba mlango wake, akatoboa tairi. Ni mpenzi wa zamani aliyepasua kioo cha mbele kwa jiwe. Mara nyingi ni mtu anayejulikana kwa jina na kwa mlango anaolala. Ana kazi, ana simu, ana anwani. Ndiyo maana nasema huyu ni mdaiwa, na sheria za Kenya zinatosha kumfanya alipe, ila tumezoea kumtafuta wa kuadhibiwa na kumsahau wa kufidiwa.

Kwanza tuliondoe lile neno "mkwaruzo tu". Anayelisema hajasimama katika gereji ya jua kali akamtazama fundi wa rangi akifanya kazi. Rangi ya gari imelala kwa tabaka. Juu kabisa ni klia inayong'aa, chini yake rangi yenyewe, chini zaidi praima, kisha bati. Ukipitisha ukucha juu ya mkwaruzo usikwame, huenda polishi ikatosha. Ukikwama, msumari umeshapita klia. Ukiona kijivu, umefika kwenye praima, na ukiona bati tupu, mvua ya kwanza itaanzisha kutu. Hapo fundi hana njia ya mkato. Atasugua kwa msasa eneo pana kuliko lile lililoumizwa, ajaze filla panapohitajika, arudishe praima, asugue tena kwa msasa wa maji, ndipo achanganye rangi kwa kufuata namba iliyo kwenye kibandiko cha gari. Na hata akiipata namba, gari lililopigwa jua miaka minane halina tena rangi ile lililotoka nayo kiwandani. Mlango mmoja ukipakwa peke yake utaonekana kama kiraka. Fundi anayeijua kazi huitawanya rangi mpya hadi mlango wa pili na madigadi ili jicho lisione mpaka, kisha hupiga klia upande wote. Hivyo msumari uliotembea sekunde tano unalipisha ubavu mzima wa gari.

Nimeyaeleza haya kirefu kwa kuwa ndipo mvutano wa fidia huanzia. Mkosaji atasema yuko tayari kulipia "ile laini pekee". Mahakama haipimi hivyo. Kanuni yake ni kukirudisha kilichoharibiwa, kadiri inavyowezekana, katika hali kilichokuwa nayo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyohusu Chama cha Ushirika cha Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa cha Nkuene, ilisema mwenye gari halazimiki kuthibitisha kwamba ameshalitengeneza. Anachotakiwa kuonyesha ni kiwango cha uharibifu na gharama ya kulirejesha. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu asiye na pesa za fundi leo. Atafute ripoti ya asesa wa magari, inayotaja kila sehemu na bei yake, badala ya makadirio aliyotajiwa kwa simu. Ila asiliegemee kwa uzembe, kwani korti zetu ni kali kuhusu hasara zinazohesabika kwa shilingi: kila moja sharti itajwe katika madai na ithibitishwe. Ankara peke yake si risiti. Kama umeshalipa, onyesha risiti. Kama uliburuta gari hadi gereji, shika stakabadhi ya kuburuta pia.

Kwa gari la kazi kuna hasara nyingine, nayo ni pato. Dereva wa teksi za kuitwa kwa simu aliyepasuliwa kioo cha mbele hapandishi abiria mpaka kioo kibadilishwe, na mwenye gari bado anadai pesa yake ya wiki. Siku hizo zinaweza kudaiwa, mradi azitaje na awe na rekodi: historia ya safari katika programu ya teksi na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha alichozoea kupata kabla ya tukio. Akisema tu "napata elfu nne kwa siku" bila karatasi, ataondoka mikono mitupu kwa sehemu hiyo.

Sasa twende kituo cha polisi, kwa sababu ndiko wengi huanzia na ndiko wengi huishia. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayeharibu mali kwa kukusudia na bila haki ametenda kosa, na anaweza kufungwa hadi miaka 5. Lakini peleka picha za ubavu uliokwaruzwa uone utakavyopokewa. "Hiyo ni kesi ya majirani, nendeni mkasikizane." Au, "Hiyo ni ya madai, tafuta wakili." Afisa anayesema hivyo amekosea. Tendo moja linaweza kuwa jinai na madai kwa wakati mmoja, na kifungu cha 193A cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinaeleza kwamba kuwepo kwa kesi ya madai si sababu ya kusimamisha ya jinai. Kwa hiyo usitoke kituoni bila namba ya OB, kile kitabu cha matukio. Andikisha taarifa yako, uisome kabla ya kutia sahihi, na hakikisha thamani ya hasara imeandikwa humo. Omba abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuonyesha kwamba umeripoti, ambayo hutolewa bure. Ukikataliwa, mwone mkuu wa kituo, na akikataa naye, ipo mamlaka ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, ambayo kazi yake ni kupokea malalamiko ya namna hiyo.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka kituo kiwe chombo cha kukusanya madeni. Ibara ya 49 ya Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au, zikiishia nje ya saa za kazi, siku ya kwanza mahakama inapoketi. Mwanya huo ndio unaotumiwa na wanaopanga ukamataji wa Ijumaa jioni. Ni dhuluma, na pia ni hasara kwa mlalamishi mwenyewe. Siku tatu kwenye sakafu ya saruji hazimpatii mwenye gari hata kopo la klia. Kama mshukiwa ni mtu wa bodaboda au muuza mitumba, zinamnyang'anya pato ambalo ndilo angelipia. Na akitoka Jumatatu anajihesabu amekwisha kulipa, kwa hiyo hata lile neno la "nisamehe, nitatengeneza" hulipati tena.

Tuseme polisi wametimiza wajibu wao na mshtakiwa amepatikana na hatia. Hakimu anamtoza faini. Mshtakiwa analipa, anaondoka. Pesa hizo zinaingia katika hazina ya serikali, ambayo haikukwaruzwa popote. Mwenye gari, aliyeacha kazi yake akakaa kwenye benchi la korti akisubiri jina la kesi liitwe, anarudi kuegesha gari lilelile lenye alama ileile. Huu ndio mwisho unaoniuma kuliko wote, kwa maana sheria ilishaufungua mlango mwingine na sisi tunaupita. Kifungu cha 31 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu mkosaji aamriwe kumfidia aliyemdhuru, pamoja na adhabu nyingine au hata badala yake. Kifungu cha 175 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinampa hakimu uwezo wa kuamuru mlalamishi alipwe kiasi ambacho kwa haki angekipata katika kesi ya madai. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014, ikaitambua fidia kutoka kwa mkosaji kuwa haki ya mwathiriwa, ikiwemo fidia ya mali iliyoharibiwa.

Kinachokosekana ni mtu wa kusimama na kuomba. Hakimu hawezi kuamuru kiasi ambacho hakuna aliyekiweka mbele yake. Kiongozi wa mashtaka ndiye anayepaswa kusema, kabla ya hukumu kusomwa: Mheshimiwa, mlalamishi amepata hasara ya kiasi hiki, ripoti ya asesa ni hii, tunaomba amri ya fidia. Wakati mwingine kesi nzima huendeshwa kana kwamba aliyekosewa ni Jamhuri peke yake. Ndiyo maana naiomba Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma itoe agizo kwa waendesha mashtaka wake wote: faili ya kifungu cha 339 isipelekwe kortini bila hesabu ya hasara, na ombi la fidia litolewe kila mshtakiwa anapopatikana na hatia. Hilo halihitaji mswada wala bajeti. Linahitaji waraka wa ukurasa mmoja. Mpaka waraka huo utoke, mlalamishi mwenyewe amfuate mwendesha mashtaka mapema, ampe nakala za risiti na ripoti, na amkumbushe kwa adabu asubuhi ya kesi.

Ipo pia njia ya maridhiano, na kwa watu wanaoishi ploti moja mimi naipenda kuliko zote. Kosa la kifungu cha 339 ni la daraja la chini, na kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinamruhusu hakimu kuhimiza usuluhishi katika makosa madogo yanayogusa watu binafsi, kwa sharti la kulipa fidia. Ibara ya 159 ya Katiba nayo inazitaka mahakama zikuze usuluhishi. Majirani wawili wataendelea kupishana ngazini baada ya kesi; afadhali wapishane mmoja akiwa amelipa. Ninachosisitiza ni maandishi. Makubaliano ya mdomo mbele ya chifu au mzee wa Nyumba Kumi huanza kuyeyuka mwezi wa pili, mkosaji anapodai hakutaja kiasi kile. Karatasi iwe na majina, namba za vitambulisho, namba ya usajili wa gari, kiasi, tarehe za malipo na sahihi za mashahidi. Na iwe na sentensi moja iliyonyooka: "Mimi ndiye niliyeharibu gari hili." Mkiishia kortini baadaye, sentensi hiyo itakuokolea safari nyingi.

Kuhusu kortini penyewe, watu wengi bado wanabeba hofu ya zamani: wakili wa kulipwa kabla hajafungua mdomo, tarehe zinazosukumwa mwaka hadi mwaka. Hofu hiyo ilikuwa na sababu zake. Lakini tangu Aprili 2021, ilipofunguliwa pale Milimani, Nairobi, kisha ikasambazwa katika miji mingine, tuna Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Uharibifu wa mali umetajwa waziwazi miongoni mwa mambo iliyopewa kuyaamua. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi zinazotawala korti nyingine. Inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60 tangu iwasilishwe, na anayekata rufaa kwenda Mahakama Kuu anaruhusiwa kufanya hivyo kwa hoja za sheria tu. Kazi ya rangi ya upande mmoja, kioo cha mbele, matairi manne, vyote vinaingia humo na nafasi inabaki.

Siku hizo 60 hazitimizwi kila mara. Majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kutofautiana kuhusu hukumu inayotolewa baada ya muda huo kupita: wapo walioiona batili, na wapo walioiacha isimame. Kwangu mimi kuifuta ni kumwadhibu mlalamishi kwa kuchelewa kwa korti. Aliwasilisha karatasi zake kwa wakati, akahudhuria kila alipoitwa. Kosa la foleni si lake. Bunge lingelimaliza hili kwa kifungu kimoja.

Ubora mwingine wa njia ya madai ni kiwango cha uthibitisho. Katika jinai, upande wa mashtaka lazima uondoe kila shaka ya maana, na uonyeshe kwamba mshtakiwa alikusudia. Katika madai inatosha kuonyesha kwamba ulichosema kina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko anachosema yeye. Mshtakiwa akiachiliwa katika kesi ya jinai kwa sababu ya shaka, dai lako halijafa. Na akipatikana na hatia, basi umeshabebewa mzigo mzito: kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaichukulia hukumu hiyo, muda wa rufaa ukishapita, kuwa uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa. Kinachobaki kujadiliwa ni kiasi. Una miaka 3 tangu siku ya tendo kufungua dai, ingawa sioni sababu ya mtu kuitumia yote wakati kamera zinafuta kumbukumbu na mashahidi wanahama.

Na hapo kwenye kamera na mashahidi ndipo kesi nyingi hushinda au hushindwa. "Tuligombana jana jioni, kwa hiyo ni yeye" ni shuku, na shuku haimfikishi mtu popote. Majumba mengi ya kupanga siku hizi yana kamera getini, lakini mitambo yake huandika picha mpya juu ya za zamani. Ukikaa wiki mbili ukisikitika, unaweza kukuta usiku ule haupo tena. Asubuhi ileile mwandikie mwenye jumba au keateka, hata kama ni ujumbe wa simu, umtake ahifadhi picha za saa fulani hadi saa fulani. Usikate vipande, usiongeze maandishi, usitumie ile iliyopita katika makundi matano ya WhatsApp. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inahitaji rekodi ya kielektroniki iambatane na hati ya mtu anayesimamia mtambo ulioitoa, akieleza ilivyotolewa. Mahakama ya Madai Madogo inaweza kulegeza hilo, lakini ukiwa na hati hiyo unaweza kutembea na ushahidi wako korti yoyote. Picha za gari zipigwe kabla ya kuliosha: moja kutoka mbali, namba ya usajili na geti zikionekana, nyingine karibu kabisa, na sarafu au rula kando ya mkwaruzo.

Kisha kuna soja wa getini. Yeye ndiye aliyeona, na kitabu chake cha zamu ndicho chenye saa. Lakini anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Mpangaji mwenye kisirani anaweza kumpigia simu mwenye kampuni ya ulinzi na kesho yake soja akahamishwa au akafutwa. Wenye majumba wanaotutoza pesa za usalama kila mwezi wanawajibika kumwambia mlinzi wao, kwa maandishi, kwamba hataadhibiwa kwa kusema alichokiona. Hao hao hutundika ubao ukutani unaosema kila gari limeegeshwa kwa hatari ya mwenyewe. Ubao huo huenda ukawafaa wao katika mazingira fulani. Haumfai hata kidogo aliyeshika msumari.

Naye aliyeshika msumari hutaka tumsikilize kwanza: "Alikuwa ameziba geti langu." Huenda ni kweli. Wenye magari wa Nairobi wana dhambi zao, na anayeziba geti la mtu aliye na mgonjwa ndani anastahili lawama kali. Lakini kero hiyo ina njia yake. Kaunti inaweza kulifunga gurudumu au kuliburuta gari, na mwenyewe akatozwa. Kama ulipata hasara kwa kuzibiwa, dai hasara yako. Mahakama ya Madai Madogo inapokea hata dai la kujibu dai, na kiasi kinaweza kukatana. Kuharibu mali kwa hasira hakufuti kero. Kunaongeza deni upande wako.

Kabla ya kufika kortini hakikisha jina lako liko kwenye kitabu cha gari. Sheria ya Trafiki inamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na barabara zetu zimejaa magari yaliyouzwa mara mbili yakiwa bado kwa jina la mnunuzi wa kwanza. Ukiwa na mkataba wa mauziano na ushahidi wa malipo unaweza kujitetea, na hata dereva aliyekodishiwa gari ana haki ya kulalamikia kitu kilichokuwa mikononi mwake. Ila unajipa kazi ya ziada mbele ya mpinzani atakayeanza kwa kuuliza, "Kwani hili gari ni lako?"

Bima nayo ina mtego. Wakenya wengi hukata ile ya chini kabisa inayotakiwa na sheria, thadi pati, ambayo huwahusu watu wengine uliowadhuru na haigusi rangi ya gari lako. Aliye na bima kubwa hulipiwa uharibifu wa makusudi baada ya kukatwa ekses, ile sehemu ya hasara anayobeba mwenyewe, na anaweza kupoteza punguzo la kutodai. Kampuni ikishakulipa huchukua nafasi yako ya kumdai mkosaji, kwa hiyo usisaini msamaha na jirani kabla ya kuzungumza nayo; unaweza kuwa unasamehe pesa zisizo zako. Ekses uliyokatwa bado ni hasara yako na unaweza kuidai. Kwa ghasia za kisiasa mambo ni tofauti tena: baada ya maandamano ya Juni 2024 na ya mwaka uliofuata, magari yaliyovunjwa au kuteketezwa yalihitaji kinga ya ziada ya machafuko na ugaidi, inayonunuliwa kando. Aliyeharibiwa gari na askari wa serikali au wa kaunti akumbuke kwamba muda wake ni mfupi zaidi, miezi 12 badala ya miaka 3, na kwamba mali ya serikali haipigwi mnada kulipa hukumu.

Mnada, hata kwa mtu binafsi, ndio mwisho mgumu wa safari hii. Hukumu bado si pesa. Mdaiwa asiyelipa hufuatwa na dalali wa mahakama, na gharama za dalali huongezeka juu ya deni. Sheria ya Mwenendo wa Madai inamwachia mdaiwa zana zake za kazi na theluthi mbili za mshahara wake, jambo ninaloliona la haki kabisa. Fundi asiyeachiwa nyundo hatalipa kamwe. Kwa hiyo namshauri mlalamishi aombe mapema awamu zinazowezekana, kwa tarehe maalumu, zipitie kwa simu ili kila shilingi iache alama. Na naiomba Idara ya Mahakama iliandike jambo hilo ndani ya hukumu za Madai Madogo tangu siku ya kwanza: kiasi gani kila mwezi, kwa namba gani, na ni awamu ngapi zikikosekana ndipo deni zima lidaiwe kwa pamoja. Hivi sasa aliyeshinda hupewa karatasi, kisha hurudi dirishani kuanza maombi mengine ya kutekeleza hukumu, akiwa peke yake, hajui fomu gani wala ada gani, huku gari lake likiendelea kunyeshewa na bati likiwa wazi.